Mwangaluka Isifungwe

Ulyankulu,
3 Februari 2025

Kwako Bi Sheima Abdulnasser,

Salamu nyingi kutoka huku Ulyankulu. Hatujuani, kwa hiyo nianze na mimi mwenyewe. Naitwa Yoramu, ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa. Barua hii nimempa Samweli, jirani yangu anayeleta asali Tabora, naye ameniahidi kuifikisha dukani kwa baba yako, maana jina la duka ndilo anwani pekee niliyoipata. Nimekuandikia mara kadhaa kwenye ukurasa wa programu yenu, sijajibiwa. Nikasema labda karatasi itafika pale mtandao uliposhindwa.

Ni kuhusu Mwangaluka, programu yenu ya kufundisha Kinyamwezi. Niliikuta mwaka jana nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilipoona imeandikwa kuwa ni programu huria, kwamba yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuigawa bure, sikuamini, nikaisoma ile leseni mara mbili. Kisha nikaichukua. Nimetengeneza nakala inayofundisha Kirundi.

Nieleze kwa nini. Wazazi wetu walifika hapa wakikimbia Burundi mwaka 1972. Sisi tuliozaliwa hapa tumekuwa Watanzania, tunalima, tunasomesha, na watoto wetu wanaongea Kiswahili tu. Si jambo baya. Lakini mwezi wa kumi tulimzika mzee mmoja wa kijiji chetu, na siku zake za mwisho aliwaita wajukuu akawausia kwa Kirundi. Walikaa mbele yake wakitikisa vichwa. Alipomaliza wakatoka wakaja kwangu. "Mwalimu, babu amesema nini?" Mimi sikuwamo chumbani. Hadi leo hakuna ajuaye.

Sasa, nakala yangu ilikuwa inakwama mahali pasipo na mtandao, na mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Mimi na wanafunzi wangu tumepata dawa yake: masomo sasa yanakaa ndani ya simu yenyewe. Ningependa kuwarudishia dawa hiyo, maana Mwangaluka ina ugonjwa uleule. Ila naona hakuna aliyeugusa mradi wenu tangu Julai. Je, bado mpo?

Ni mimi,
Mwalimu Yoramu


Chemchem, Tabora
14 Februari 2025

Ndugu Yoramu,

Barua yako imefika. Samweli alimkabidhi baba, baba akaisoma, kisha ndugu zangu wakaisoma, mimi nikawa wa mwisho.

Nimeitazama nakala yako. Umetumia jina letu, rangi zetu, mpangilio wetu wa masomo, hata ukurasa wa mbele ni wetu. Kitu kimoja tu hukukitaka: sauti. Umefuta sauti zote za Kinyamwezi, kana kwamba unafagia chumba ili uhamie, na pembeni ukaandika, "Zimeondolewa, hazihitajiki." Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko ulivyoisoma leseni.

Najua leseni inakuruhusu. Mimi na mwenzangu Lukumani ndio tulioichagua. Lakini jina naomba uliondoe. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, haina kazi kwenye Kirundi.

Kuhusu swali lako: hatupo. Lukumani amepata kazi Dodoma, mimi niko dukani kwa baba. Programu yenyewe hakuna anayeitumia. Baada ya Idi nitaufunga mradi na kuuondoa mtandaoni. Dawa yako baki nayo.

Sheima


Ulyankulu,
23 Februari 2025

Bi Sheima,

Amani iwe kwako. Nimekemewa na nimekubali. Jina nililiondoa siku ileile nilipopata barua yako. Nakala yetu sasa inaitwa Amahoro, ndivyo wazee wetu wanavyosalimiana. Na lile neno "hazihitajiki" niliandika mimi kwa haraka, nikiwaza nafasi tu, maana simu za wanafunzi wangu ni ndogo na hujaa upesi. Naomba radhi. Nilichofuta kwangu hakikugusa cha kwenu hata herufi moja, sauti zenu zipo zote. Naamini hilo unalijua kuliko mimi, na ndiyo maana nadhani hasira yako haikuwa ya mafaili.

Kabla ya kuziondoa, tulizisikiliza zote darasani baada ya vipindi. Huyo mama anayesema maneno amewafurahisha sana wanafunzi. Kwenye somo la kuhesabu anafika tano, anacheka, anaanza upya, nanyi hamkukikata kicheko. Siku hizi darasani kwangu mtu akifika tano lazima acheke. Mkuu wa shule ameniuliza hesabu zangu zina nini cha kuchekesha.

Ni nani huyo? Na ukiniruhusu kuuliza zaidi: Samweli anasema nyumba yenu ni ya Waarabu wa Tabora, watu wa biashara tangu enzi za misafara. Kinyamwezi kiliingiaje?

Usinione mdadisi. Nauliza kwa sababu nimekwama na mtu wa kwangu. Sauti niliyoitaka ni ya mama yangu, maana hapa kijijini hakuna mwenye Kirundi kizuri kama chake. Amekataa. Nilipomwekea simu mbele alisema kwa Kiswahili, "Mwanangu, miaka yote hii nimeishi nisijulikane kwa ulimi wangu, leo unataka unitangaze?" Akachukua ungo wake akaenda kupepeta mpunga. Kwa hiyo masomo yote yana sauti yangu, na wazee wanasema naongea kama mtu anayesoma tangazo la mnada.

Usiifunge bado.

Yoramu


Chemchem, Tabora
9 Machi 2025

Mwalimu Yoramu,

Shikamoo. Barua ya kwanza sikukuamkia, na mama yangu akijua hilo sitapata raha humu ndani.

Huyo anayecheka ni bibi yangu, Sikuzani, mama yake baba. Alizaliwa Puge kwa wakulima. Babu Ghalibu alikuwa akienda huko kununua mpunga, akamwoa, akamleta mjini. Hapa nyumbani aliongea Kiswahili kizuri chenye Kiarabu ndani yake, na kwa kupika bokoboko akawapita mawifi zake wote. Wageni walidhani kazaliwa hapahapa Tabora, na hakuna aliyewasahihisha, hata yeye mwenyewe. Sisi wajukuu tuliijua Puge kama mahali unapotoka mchele.

Kisha akapata kiharusi. Baada ya wiki kadhaa ulimi ukarudi, Kiswahili hakikurudi. Alitusemesha Kinyamwezi mchana kutwa, akitutazama kama sisi ndio tuliopungukiwa akili. Baba alimjibu "Ndiyo, mama" kwa kila kitu. Siku moja aliomba maji, tukamletea blanketi.

Baba akaenda Puge kumwomba Mwanahawa, binti wa ndugu yake bibi, aje kukaa naye. Bibi akisema, Mwanahawa anatafsiri, mimi narekodi kwa simu, neno kwa neno, ili nijifunze. Lukumani nilisoma naye chuo. Alipoona simu yangu imejaa maneno akasema haya yanaweza kuwa masomo, na ndivyo Mwangaluka ilivyozaliwa. Tuliiweka huria kwa sababu hatukuona la kuuza hapo. Mwaka na kitu nilizungumza na bibi kwa lugha yake. Si mazungumzo makubwa: chakula, mvua, nani kaja, nani kaondoka. Kila siku alinisahihisha.

Alifariki Julai. Ukiifungua programu, kabla ya lolote, yeye ndiye anayekusalimia. Nilijaribu mara moja, nikaifunga kabla hajamaliza neno. Si kiburi, Mwalimu, ingawa barua yangu ilinuka kiburi. Siwezi kutunza kitu nisichoweza kukifungua, na sitaki kiozee hadharani.

Mfungo unaendelea vizuri. Mwambie Samweli asali yake imeisha, na baba anataka nyingine kabla ya Idi.

Sheima


Ulyankulu,
19 Machi 2025

Dada Sheima,

Marahaba. Pole sana kwa bibi.

Barua yako nilimsomea mama. Kama nimekosea, nisamehe, lakini nimsimulie nani mwingine? Alinisikiliza akiwa anachambua maharage. Nilipomaliza akasema, "Hebu nimsikie huyo." Mama ana Kinyamwezi kidogo cha miaka ya mwanzo, walipokuwa wakibadilishana mazao na wenyeji. Nikamfungulia somo la salamu, la vitu vya nyumbani, la kuhesabu. Pale kwenye tano akatabasamu.

"Alikuwa anaongea na nani?"

"Na mjukuu wake. Hakuwa anajua lugha."

"Nani hakujua, bibi au mjukuu?"

"Mjukuu."

"Basi bibi alikuwa na kazi."

Akarudi kwenye maharage yake. Nikadhani yameisha. Baadaye akasema, "Ninyi niliwafundisha Kiswahili palepale mlangoni, kabla hamjatoka kwenda kucheza, ili mtu asiwatambue njiani. Mlikishika haraka, nikafurahi. Sikujua kwamba mtakishika hicho tu."

Nilivuta kigoda, Dada. Nilimsaidia kuchambua.

Kesho yake akaniita. "Na simu siongei," akasema. "Niletee watoto, nitaongea nao. Simu ikitaka kuwepo iwepo, inyamaze kama mgeni." Basi Jumamosi iliyopita wanafunzi wamekaa naye barazani wakibangua karanga, na simu ikiwa katikati ya ungo. Amewafundisha salamu, majina ya viungo vya mwili, na namna ya kumjibu mtu mzima anapokuita. Maganda ya karanga yanasikika. Sijayakata.

Sasa sikiliza ombi langu. Usifunge, wala usijilazimishe kufungua. Nipe mimi ruhusa ya kuingiza marekebisho kwenye Mwangaluka. Nitaweka ile dawa ya mtandao, nitaitunza hadi utakapoweza. Ukiona siifai kazi, ninyang'anye. Hutalazimika kusikia chochote.

Kaka yako,
Yoramu


Chemchem, Tabora
5 Aprili 2025

Kaka Yoramu,

Shikamoo. Idi imepita salama, na sikufunga.

Nilimwambia baba habari yako. Akaniuliza kama mfanyabiashara, "Ukishindwa kukaa dukani, unafunga duka au unaweka mtu?" Nikasema unaweka mtu. Akasema, "Sasa?" Akaendelea kupima kitambaa cha mteja.

Ruhusa nimekupa leo. Nina masharti mawili tu. La kwanza, sauti za bibi zisifutwe. La pili, tusiwe na programu mbili. Unganisha. Kirundi na Kinyamwezi vikae humohumo, anayetaka hiki achague hiki, anayetaka vyote achague vyote. Nimeona maneno yenyewe yanafanana; sisi mtoto ni mwana, ninyi ni umwana. Nikikuambia "sisi", unielewe. Nimeanza kuzoea kulisema.

Ila nikuambie ukweli: unaingia nyumba isiyo na watu. Tangu tuianzishe, ukiacha jumbe zako, hatujapata ujumbe hata mmoja kutoka kwa mtu aliyeitumia.

Msalimie sana mama.

Sheima


Ulyankulu,
28 Aprili 2025

Dada Sheima,

Nimeharibu.

Niliunganisha lugha zote mbili kama ulivyosema, kazi ikaenda vizuri. Lakini ili masomo yakae ndani ya simu ndogo ilibidi sauti zipunguzwe, nikatumia programu inayokata ukimya mwanzoni na mwishoni mwa kila neno. Kwenye sauti ya mama ilifanya kazi, mama yangu anaongea kama anayepiga msumari. Bibi yako humalizia neno taratibu, sauti inashuka. Programu ikaona huo ni ukimya, ikakata. Maneno mengi yamepoteza mkia. Nami nisiyejua Kinyamwezi nikayasikia yako sawa, nikayatoa kwa watu.

Na watu wapo, Dada. Ndilo ninalotaka ulisome vizuri. Ukurasa umejaa malalamiko. Muuguzi mmoja wa Nzega anaitwa Asmahani ameandika kwamba wagonjwa wake wazee wamezoea kuzungumza naye kwa maneno aliyojifunza kwa yule bibi, na tangu juzi anawasalimia nusu nusu, wanamcheka. Bwana mmoja yuko Maskati, mama yake alikulia Tabora. Anasema huwa wanasikiliza pamoja baada ya chakula na mama amekasirika. Mwalimu wa Puge ameandika kwa herufi kubwa tupu. Walikuwa wanatumia kimya kimya, na sasa nimewaharibia ndiyo wanapiga kelele.

Sauti za zamani nimezirudisha, kwa hiyo aliye na mtandao yuko salama. Wasio na mtandao wamerudi palepale pa kukwama. Ili wapate nao, inabidi kila sauti ikatwe kwa mkono, na mtu anayejua kompyuta na anayejua pia neno linaishia wapi. Nimemwuliza mama, akasema Kinyamwezi chake ni cha sokoni, hakifiki huko. Lukumani nimemwandikia, naye amejibu kwamba yeye aliandika programu tu, lugha ni yako.

Nilikuahidi hutalazimika kusikia chochote. Nimejaribu kuikwepa sentensi hii, imenishinda: ni wewe tu.

Yoramu


Tabora, dukani
11 Mei 2025

Kaka Yoramu,

Shikamoo. Usijilaumu tena, nimechoka kusoma ujumbe wako wa samahani kwenye ule ukurasa. Kazi imekwisha. Sauti zote nimezikata na kuzipandisha, ziko tayari.

Nilianza hapahapa dukani, mchana, wateja wakiingia na kutoka. Nilivaa visikilizi nikakaa nyuma ya majora ya vitambaa. Ile ya kwanza, ya salamu, ilinichukua muda. Nilipoifikia mwisho nikairudia. Kisha nikavitoa visikilizi, nikaongeza sauti. Baba alikuwa anaongea na mteja kuhusu kanga. Bibi akasema "Mwangaluka," na baba, Kaka Yoramu, akajibu, "Mwangaluka mhola," sawasawa, bila kukosea, kumbe alijifunza na hakutuambia. Yule mteja akauliza ni nani huko nyuma. Baba akasema, "Mama yangu," akaendelea kukunjua kanga. Nilimwona akitumia ncha ya kanga ya biashara kufutia macho. Ameinunua mwenyewe.

Nikaendelea. Na kuna jambo sikuwa nalijua, ambalo ile programu yako ilikuwa inalikata. Baada ya neno bibi hunyamaza, halafu, kabla sijazima simu, anasema kitu kwa sauti ya chini. Siku zile nilidhani anajisemea tu. Kinyamwezi changu kilikuwa cha neno moja moja. Sasa naelewa. Baada ya neno la kuni anamwambia Mwanahawa, "Mpe huyu mtoto chakula, ananiuliza maneno tangu asubuhi na hajala kitu." Baada ya neno la mvua anasema, "Huyu leo kasema vizuri, usimwambie, ataacha kujifunza." Yapo mengi. Mengine ananisema vibaya: kwamba nakaa kama mwanamume, kwamba nina haraka ya kuolewa na kompyuta.

Nilicheka peke yangu dukani mpaka mama akatumwa kuja kuniangalia.

Hayo sikuyatupa. Nimeyatenga, nimeyafanya somo la mwisho la Kinyamwezi, la kusikiliza watu wakizungumza bila kukujali. Mwanahawa amekuja kutoka Puge kunisaidia mahali ambapo sikusikia vizuri, na amekubali kuendelea na maneno ya shambani ambayo bibi hakuwahi kuyafikia.

Kuhusu kesho ya mradi. Asmahani wa Nzega nilimwandikia kwamba anayelalamika vizuri kiasi hicho apewe kazi. Akakubali, kwa sharti kwamba kwanza turekebishe tafsiri ya neno la homa, ambayo anasema tumeipotosha tangu siku ya kwanza. Ni kweli, nimeangalia. Lukumani atakuwa anatazama mambo ya kitaalamu kila Jumapili akiwa Dodoma. Kwa hiyo tuko wanne wenye ruhusa, na wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu uliingia wakati hakuna aliyekuwa anaingia. Usikatae. Nimekwisha kuandika.

Jambo la mwisho. Jumamosi ya wiki ijayo nataka kuja Ulyankulu. Samweli amesema gari lake lina nafasi akishashusha madumu ya asali. Nitakuja na Mwanahawa, naye anataka kumwona mama yako. Tafadhali niandikie namna ya kumwamkia mama yako kwa Kirundi, mwanamke mdogo anapomwamkia mkubwa, pamoja na lile neno la heshima linalofuata. Sitaki kufika kwake na Kiswahili mlangoni.

Dada yako,
Sheima


Ulyankulu,
15 Mei 2025

Dada Sheima,

Marahaba, na karibuni sana. Mchele wa Puge msilete, tunao wetu, labda tushindanishe.

Habari ya orodha nimeisoma, sikatai. Siku ya pili yake nilimwambia mkuu wa shule kwamba mimi ni mtunzaji wa programu inayosikilizwa hadi Maskati. Akasema basi nitunze na zamu ya usafi wa vyoo.

Nilikaa nikuandikie maamkizi kama ulivyoomba. Nimeandika mstari wa kwanza, mama akaja akasimama nyuma yangu, akauliza ninaandika nini. Nikamsomea. Akanichukulia kalamu.

"Asijifunze kwako," akasema. "Atafika hapa anaongea kama mnada."

"Ajifunze kwa nani, mama?"

"Kwani mimi niliongea na wale watoto bure?"

Kwa hiyo sikuandikii. Fungua Mwangaluka, chagua Kirundi, somo la kwanza. Utasikia maganda ya karanga, kisha atakuamkia. Mjibu kwa sauti, hata kama uko dukani. Anasema Jumamosi atajua kama ulijibu au ulisikiliza tu.

Kaka yako,
Yoramu